Amesoma, Hajajibu: Ujumbe wa Simu na Amani ya Moyo Katika Ndoa



Wengi wenu mnaishi mbali na wenzi wenu kwa sababu ya kazi. Mume yuko mjini, mke yuko nyumbani na watoto. Au mke ameajiriwa katika nchi za Ghuba, na mume ndiye anayepeleka watoto shule. Hata mnaolala chini ya paa moja, mara nyingi mmoja hutoka alfajiri na kurudi usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazungumzo ya ndoa siku hizi hupitia kwenye kioo cha simu.

Katika somo hili tutajiuliza swali moja: ujumbe tunaoandikiana kwenye simu unaifanyia nini mioyo yetu? Hatusemi simu ni mbaya. Tunataka kujua ni mambo gani yanayofaa kuandikwa, na ni mambo gani yanayohitaji sauti au uso wa mtu.

TULIKOTOKA

Zamani mume aliyekuwa mbali aliandika barua. Barua ilichukua siku kadhaa, pengine majuma mawili, na aliyeingoja alijua kwamba kungoja ni sehemu ya barua. Kimya cha siku tano hakikuwa na maana yoyote ila kwamba posta iko mbali.

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi kijana aitwaye Neil Papworth aliuandika kwenye kompyuta, nao ulikuwa salamu za Krismasi tu. Hapa Kenya simu za mkononi zilianza kuenea kwa wananchi wa kawaida baada ya mwaka wa 2000. WhatsApp ilianzishwa mwaka wa 2009, na mwezi wa Novemba 2014 ikaleta zile tiki mbili za buluu zinazomwonyesha mwandishi kwamba ujumbe wake umesomwa.

Tangu hapo kungoja kumebadilika. Mwenye barua alingoja bila kujua. Mwenye simu anangoja akijua kwamba mwenzake ameona. Hapo ndipo moyo huanza kutafuta sababu, na moyo ulio na wasiwasi hautafuti sababu nzuri.

TIKI ZINASEMA NINI?

Kabla ya kulaumiana, tuelewe kile ambacho tiki zinasema kweli.

Tiki moja ya kijivu inasema kwamba ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu ya mwenzako. Huenda simu imezimwa, chaji imeisha, hakuna mtandao au pesa za intaneti zimekwisha.

Tiki mbili za kijivu zinasema kwamba ujumbe umefika kwenye simu. Hazisemi kwamba mwenye simu ameuona.

Tiki mbili za buluu zinasema kwamba ujumbe umefunguliwa. Hazisemi kwamba msomaji alikuwa amekaa, ana nafasi, au ameelewa. Huenda ni mtoto aliyekuwa akichezea simu. Huenda yeye mwenyewe aliufungua akiwa ndani ya matatu, amebanwa huku na huku, akasema moyoni, "Nitajibu nikifika," kisha akasahau.

Basi tiki inatueleza habari za simu. Habari za moyo wa mwenye simu haizijui. Ugomvi mwingi huzaliwa pale tunapoisoma tiki kana kwamba ni barua.

KWA NINI KIMYA KINAUMA

Wengine husema, "Mke wangu ananung'unika bure, ni ujumbe tu." Sio bure. Kupuuzwa humwumiza mtu kweli, hata panapokuwa na sababu ndogo.

Mtaalamu wa saikolojia Kipling Williams na wenzake waliandika juu ya jambo hili mwaka wa 2000. Walitengeneza mchezo wa kurushiana kitu kwenye kompyuta, ukachezwa kupitia intaneti na watu wa nchi 62. Mchezaji aliamini kwamba anacheza na watu wengine wawili. Baada ya muda mfupi, wale wawili wakawa wanarushiana wao kwa wao tu. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyepoteza shilingi. Hata hivyo waliotengwa walijisikia vibaya, na walipungukiwa na ile hali ya kuona kwamba wao ni sehemu ya wenzao.

Sasa fikiri: ikiwa mtu huumia kwa kutengwa katika mchezo wa kompyuta na wageni asiowajua, ataumia kiasi gani akinyamaziwa na yule aliyeahidiana naye maisha yote? Kwa hiyo mume asimcheke mke anayeuliza, "Mbona hukunijibu?" Wala mke asimwite mume mtoto mdogo kwa sababu ameuliza vivyo hivyo. Maumivu ni ya kweli. Ila sababu tunazozibuni ili kuyaeleza, hizo mara nyingi si za kweli.

MANENO YASIYO NA SAUTI

Jambo la pili ni kwamba maandishi hayabebi sauti. Chukua neno "Sawa." Ukilisema kwa tabasamu, ni kukubali. Ukilisema kwa kukata, ni mlango unaofungwa. Kwenye simu ni herufi nne tu, na anayesoma ndiye anayezitia sauti. Akiwa na furaha atasikia tabasamu. Akiwa na hofu atasikia mlango.

Mwaka wa 2005 watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio juu ya jambo hili. Watu waliandika sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wakazituma kwa barua pepe. Waandishi walidhani kwamba wasomaji wangetambua ipi ni ipi mara 78 kati ya 100. Wasomaji walifaulu mara 56 tu. Ukibahatisha kwa kurusha sarafu utapata 50. Wale waliosema sentensi hizo kwa sauti walieleweka vizuri zaidi.

Tazama fundisho lililomo. Anayeandika husikia sauti yake mwenyewe kichwani, kwa hiyo hudhani ameeleweka. Mzaha wako unaweza kumfikia mwenzako kama tusi, wewe usijue hata kidogo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi kidole chenyewe ndicho kinachojikwaa kwa niaba ya ulimi.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Watu hawa ni wa kubuni, lakini huenda mkawatambua.

Baba Kamau ni mlinzi wa usiku Mombasa. Mama Kamau yuko Nyeri na watoto watatu na ng'ombe mmoja. Saa mbili asubuhi Mama Kamau anaandika: "Kamau amerudishwa nyumbani, karo." Saa nne tiki zinageuka buluu. Hakuna jibu. Saa sita anaandika: "Sasa?" Buluu tena. Saa nane linakuja jibu: "Nimeona."

Mama Kamau anaketi na simu mkononi. Nimeona, basi? Anamtazama kijana aliyekaa nje na sare ya shule. Anaandika: "Kama una nyumba nyingine huko, niambie nijue." Baba Kamau anausoma, anazima simu. Usiku huo mmoja hapati usingizi Nyeri, na mwingine yuko kazini Mombasa na moyo mzito.

Kila mmoja alikuwa anajua nini? Mama Kamau hakujua kwamba mumewe, badala ya kulala baada ya zamu, alikuwa akizunguka kwa wenzake akitafuta mkopo, wala kwamba aliona haya kuandika, "Sijapata." Baba Kamau hakujua kwamba mwalimu alimtoa mtoto darasani mbele ya wenzake, wala kwamba mkewe alikuwa amelia. Hakuna mwovu kati yao. Wote wawili walikuwa wakimhangaikia mtoto yule yule. Walichokosa ni sauti.

TUSIGOMBANE KWA MAANDISHI

Wako wanaosema, "Mimi nikiandika ndipo ninasema yote, uso kwa uso naogopa." Tunaelewa. Kuna jambo jema katika kuandika, maana hukupa nafasi ya kupanga mawazo. Lakini ugomvi wa maandishi una hatari tatu.

Kwanza, huoni unavyomwumiza mwenzako. Mezani ungeona macho yake yakilengwa na machozi, ungepunguza ukali. Kwenye simu unaona kioo tu, unaendelea kupiga.

Pili, neno halipiti. Neno lililosemwa kwa hasira hufifia kadiri siku zinavyokwenda. Lililoandikwa hubaki, likasomwa tena kesho na mwezi ujao, na kila mara linauma upya. Wengine hulionyesha kwa dada, kwa mama mkwe, kwa rafiki wa kazini. Ninyi mkipatana, wale hawakupatana nanyi.

Tatu, jibu huja haraka kabla hasira haijashuka. Barua ya zamani ilihitaji bahasha na stempu, na wengi waliichana kabla ya kufika posta.

Mwaka wa 2013 Lori Schade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha utafiti uliohusu vijana 276 wa miaka 18 hadi 25 waliokuwa katika uhusiano wa dhati, baadhi yao wakiwa wameoana. Waliona kwamba wanawake waliotumia ujumbe wa simu kuomba msamaha, kusuluhisha tofauti au kufanya maamuzi, walikuwa na uhusiano dhaifu zaidi. Kwa wanaume, ujumbe uliozidi kwa wingi ulikwenda pamoja na uhusiano dhaifu. Lakini kwa wote, ujumbe wa kuonyesha upendo ulikwenda pamoja na kushikamana zaidi.

Utafiti wa namna hii hauthibitishi kipi kilianza: huenda walioanza kugombana ndio waliokimbilia simu. Lakini unatupa njia ya kufuata. Upendo andika. Ugomvi zungumza. Na msamaha, kama inawezekana kabisa, uombe kwa kinywa.

SAUTI INATULIZA

Pengine utauliza, kama niko Mombasa na yeye yuko Nyeri, au niko Riyadh na yeye yuko Kakamega, uso wake nitautoa wapi? Hapa kuna habari njema.

Mwaka wa 2012 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha jaribio lililofanywa na wasichana wadogo pamoja na mama zao. Wasichana walipewa kazi ngumu ya kuwatia wasiwasi, kisha baadhi wakakutana na mama, baadhi wakaongea naye kwa simu, baadhi wakaandikiana naye kwenye kompyuta, na baadhi wakaachwa peke yao. Watafiti walipima homoni mwilini. Kwa waliokutana na mama, na kwa waliosikia tu sauti yake kwenye simu, homoni ya wasiwasi, iitwayo kortisoli, ilishuka, na ile inayohusika na upendo na kushikamana, iitwayo oksitosini, ilipanda. Kwa walioandikiana naye, mwili ulikuwa karibu sawa na wa wale walioachwa peke yao.

Hao walikuwa watoto na mama zao, si mume na mke. Hata hivyo jambo lenyewe tunalifahamu: sauti ya mtu tunayempenda inatuliza mwili, si masikio tu. Na sauti haihitaji nauli.

Turudi kwa Baba na Mama Kamau. Laiti saa nne Baba Kamau angepiga simu dakika mbili na kusema, "Mama Kamau, nimeona. Bado natafuta. Nitakupigia jioni." Karo ingekuwa bado haijapatikana. Kamau angekuwa bado yuko nyumbani. Lakini Mama Kamau asingekuwa peke yake na tatizo hilo. Mara nyingi ndoa haivunjwi na shida bali na kila mmoja kuibeba shida peke yake.

Kama haiwezekani kupiga, rekodi sauti na uitume. WhatsApp imeruhusu jambo hilo tangu mwaka wa 2013, nayo ni afadhali kuliko maandishi makavu, kwa kuwa mwenzako atasikia unavyopumua, unavyochoka na unavyompenda.

NA WALIO MEZA MOJA?

Ninyi mnaoishi pamoja mna hatari nyingine. Ujumbe wa watu wa mbali unamnyang'anya aliye karibu. Mke anaeleza jinsi mtoto alivyoamka na homa, mume anasema "Eeh, eeh" huku akisoma ya kikundi cha chama. Mume anarudi amechoka, mke anacheka na simu, hamwoni.

Watafiti Brandon McDaniel na Sarah Coyne waliwauliza wanawake 143 wa Marekani waliokuwa wakiishi na waume au wenzi wao. Wale waliosema kwamba simu na vifaa vya aina hiyo huingilia kati mara nyingi, ndio pia waliotaja ugomvi zaidi, kuridhika kidogo na ndoa, na dalili zaidi za sonona. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka wa 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, alitaja mambo haya haya ya nyumbani: watu walio mezani kila mmoja akishughulika na simu yake, na mwenzi anayepitiwa na usingizi akimngoja mwenzake aliyezama katika kifaa chake. Hayo yanaonyesha kwamba jambo hili si la Nairobi wala la Eldoret peke yake.

MAPATANO YA KUJARIBU

Kaeni wawili jioni moja, mpatane. Andikeni mkitaka. Tunapendekeza haya:

1. Kama umesoma na huwezi kujibu, andika neno moja la kumwambia hivyo: "Nitakupigia jioni." Kisha piga jioni.

2. Ambianeni saa zenu. Mwenye zamu ya usiku aseme analala saa ngapi. Asiyeruhusiwa simu kazini aseme. Mwenzako akijua saa zako hatatunga hadithi.

3. Pesa, wakwe, watoto na wivu: mambo haya manne yasiamuliwe kwa maandishi. Ujumbe uwe wa kuomba nafasi tu: "Nina jambo la karo, tuongee saa mbili."

4. Ukihisi joto linapanda, weka simu chini. Usitume ulichoandika kwa hasira kabla ya kukisoma tena ukiwa umetulia.

5. Usimwadhibu mwenzako kwa kimya. Kuomba muda wa kutulia ni jambo jema, ila mwambie utarudi lini. Kunyamaza siku tatu ili aumie ni ukatili, hata kama hukuinua mkono.

6. Chagueni saa moja ya kila siku ambayo simu zote zinalala, hasa wakati wa chakula cha jioni.

7. Kila siku tuma neno moja la upendo lisilo na ombi ndani yake. Wengi wetu ujumbe wetu wote ni "tuma pesa", "nunua sukari", "umefika?" Mwandikie mkeo kwamba umemkumbuka. Mwandikie mumeo kwamba watoto wamemtaja katika sala. Haba na haba hujaza kibaba.

Kama tiki za buluu zenyewe ndizo zinazowakosesha raha, kila mmoja anaweza kuzizima kwa mazungumzo ya watu wawili. Ukizizima, wewe pia hutaona za wenzako. Lakini zizimeni kwa kupatana. Ukizizima kwa siri, umeongeza jambo jingine la kushuku.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Mapatano haya ni kwa watu wawili wanaopendana na wanaokosana kwa kutoelewana. Hayatoshi pale ambapo ujumbe umegeuka kuwa silaha: matusi ya kila siku, vitisho, au mmoja kumlazimisha mwenzake kueleza aliko kila saa. Anayepokea hayo asiambiwe avumilie tu. Ayaweke, amwonyeshe mtu anayemwamini, na kama maisha yake yako hatarini aende polisi bila kungoja.

Vivyo hivyo, mtu ambaye kwa majuma mawili au zaidi halali, hali, analia bila sababu au anaona heri afe, hahitaji ujumbe wa faraja peke yake. Apelekwe hospitali leo. Sonona ni ugonjwa wenye tiba, wala si udhaifu wa imani. Padre, mshauri wa ndoa na wazee wa jumuiya watasaidia pamoja na daktari, si badala yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA MKIWA WAWILI

Zimeni simu kwa nusu saa. Kila mmoja ajibu bila kukatizwa.

1. Ni ujumbe gani wangu uliokufurahisha zaidi mwaka huu? Ni upi uliokuumiza?

2. Ninapochelewa kujibu, wewe huwa unawaza nini?

3. Ni jambo gani ambalo tumekuwa tukiliandikia mara kwa mara, na ambalo tungepaswa kulizungumza?

4. Ni saa gani ya siku inayokufaa zaidi kusikia sauti yangu?

Na kama mwenzako yuko mbali, usimtumie maswali haya kwa maandishi. Mpigie.